Injini Iliyogonga Chini ya Godoro Langu

Mafuta ya injini yakipashwa moto polepole kwenye sufuria hayanuki kama yanapoungua. Yana harufu nzito, tamu kidogo, inayokaa kooni. Mwezi uliopita niliipata harufu hiyo hapa Likasi, nyuma ya gereji moja karibu na ninaponunua makaa, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko la makaa, anageuza pistoni ndani ya mafuta kwa koleo, kama mtu anayekaanga mandazi. Aliniuliza natafuta nini. Nilimwambia nimepotea njia, nikaenda zangu, na siku nzima nilihisi nguo zangu zinanuka sebule yetu ya Kasulo.

Nyinyi mliokulia Kolwezi mnakumbuka mtaa wetu wa Kasulo ulivyokuwa baada ya watu kugundua kwamba jiwe jeusi, lile la kobalti, liko chini ya nyumba zao. Kila uwanja ulikuwa na shitingi lake, turubai la plastiki, na chini ya kila shitingi palikuwa na shimo. Watu walichimba jikoni, walichimba vyumba vya kulala, wakatundika pazia mbele ya shimo na kuendelea kupika. Mimi niliangukia shimo ambalo halikuwa hata na shitingi. Nilikuwa natoka kuchota maji, mvua ilikuwa imejaza njia, nikakanyaga mahali pasipo na chini. Baba aliuliza mtaa mzima shimo lile ni la nani, na hakupatikana mtu wa kusema ni lake.

Mguu ulivunjika, nikarudishwa kutoka hospitali na plasta ngumu iliyoanza vidoleni ikaishia pajani. Ukuta wa chumba changu ulikuwa umepasuka na mama hakutaka nilale chini yake, kwa hiyo godoro langu liliwekwa sebuleni. Huko nilimkuta mgonjwa mwingine: injini ya gari.

Baba alikuwa dereva wa malori mpaka tajiri wake alipofunga kazi. Baada ya hapo alijipatia Peugeot 404, pikapu iliyokuwa na umri mkubwa kuliko wake, akaitoa injini na kuiingiza ndani kwa kuogopa mvua na wezi. Bloki, mwili wa injini, ilikaa katikati ya sebule juu ya vipande vya mbao. Mlango ulifunguka nusu tu. Mama, aliyekuwa akiuza mboga za lengalenga sokoni, alipita kiubavu asubuhi na jioni, beseni kichwani, mkono mmoja ukishika ukuta. Mimi nililala kati ya bloki na ukuta, juu yangu mabati, na plasta ilipowasha nilijikuna kwa waya wa mwavuli.

“Tata Numbi, twende kwa dada yangu kule Fungurume,” mama alisema karibu kila asubuhi. Tata ni baba, na Numbi ni mimi, binti yao. “Kuta zinapasuka. Batu banachimba huku, banachimba kule. Siye tuko kama panya mu mutego.”

“Tutaenda.”

“Wakati gani?”

“Wakati motere itaisha. Sitapanda juu ya lori ya mutu na godoro yangu, batu baniangalie. Mi ni dereva. Nitatoka hapa na motokari yangu. We mbele, mutoto mbele, bitu nyuma.”

Mama hakubishana zaidi ya hapo. Alijifunga kitenge na kutoka, na mimi nilibaki nikisikiliza mtaa. Wenzangu walikuja siku za kwanza, wakagusa plasta, wakachoka, wakaenda kucheza. Ukilala chini muda mrefu unajua mambo ambayo waliosimama hawayajui. Nilijua sisimizi wanatokea wapi. Nilijua wapi sakafu ina baridi na wapi haina. Nilijua ufa mmoja wa sementi uliokuwa mwembamba kama unywele nilipoletwa, na ambao sasa ungeweza kumeza ukucha wangu.

Siku moja nilimuuliza baba kwa nini aliifungua injini wakati ilikuwa inatembea.

“Ilikuwa inagonga,” alisema. Akaniwekea pistoni kifuani, kopo zito la chuma cheupe, na ndani yake kijiti cha chuma kinachong'aa, mfupi, mnene kama kidole gumba. “Unaona hii? Hii njo aksi. Inakamata pistoni na mukono yake. Imekulika, sasa inacheza mu tundu. Ikicheza, inagonga: ko, ko, ko. Siku tutatia ya mupya, itanyamaza.”

Niliyasikia maneno hayo jinsi mtoto anavyosikia. Kwa sababu kweli ilikuwa inagonga. Mama akishaenda sokoni na baba akishaenda kutafuta vipuri, nyumba ilitulia, na ndani ya godoro langu nilisikia: ko, ko, ko. Ilipita kwenye sakafu, ikaingia kwenye plasta, ikafika mfupani. Nilitazama bloki pale karibu yangu, imefunguliwa, matundu yake manne wazi, nikaihurumia. Hospitali nilikuwa nimemwona mzee aliyekohoa hata usingizini. Nikaona injini nayo ni hivyo hivyo: hata ukiivunja vipande, ugonjwa wake unabaki pale pale. Nyakati nyingine niliipigapiga kwa kiganja na kuiambia ivumilie, baba anakuja na dawa. Sikumwambia mtu, kwa kuwa kila mtu nyumbani alijua kwamba inagonga.

Aliyeniuliza habari hizo ni jirani yetu, Tata Kalenga. Nyumba yake na yetu ziligawana ukuta. Alikuwa mtu wa maneno laini, na tangu nilipovunjika mguu alizoea kupita na kipande cha muwa, akakaa kwenye kiti cha baba na kutazama sakafu.

“Numbi, mama,” alisema siku moja, “muchana unabakia hapa peke yako?”

“Ndiyo, Tata Kalenga.”

“Unasikiaka nini?”

“Nasikia motokari inagonga.”

Alinitazama kwa muda. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. “Eee! Hii motokari yenu iko mugonjwa sana. Iache tu. Usisumbue tata yako, ye anajua.”

Nikamwona ni mtu mwenye huruma hata kwa magari.

Mvua ziliendelea. Baba alizunguka Kolwezi nzima, akatuma watu, na mwishowe aksi mpya zikaja na Tata Saidi, mfanyabiashara wa Kiislamu mwenye asili ya Maniema, ambaye malori yake yalifika kila mahali. Zilikuja zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, pamoja na vipete vyake: viduara vya waya wa chuma vilivyo wazi upande mmoja. Usiku ule mvua ilipiga mabati hata hatukusikizana. Asubuhi ilikatika ghafla, na baba akawasha mbabula mlangoni.

Alizitia pistoni kwenye sufuria ya mafuta na kungoja. Zikipata moto, aliniambia, tundu linapanuka kidogo, kidogo ambacho jicho halioni. Akaitoa ya kwanza kwa kitambaa, akaishika pamoja na mkono wake wa chuma, alama ikiangalia mbele, akachovya aksi kwenye mafuta na kuisukuma kwa kidole gumba. Iliingia bila nyundo, kama mkono unavyoingia kwenye shati. Kazi ilikuwa kwenye vipete. Lazima kila kimoja kikae ndani ya mfereji mwembamba, kimoja huku na kimoja kule, ili aksi isitoke. Vidole vya baba vilikuwa vinene, na kile gumba kilikauka tangu kilipoungua zamani. Kipete cha kwanza kilimruka kikaingia chini ya kabati. Cha pili kikamruka pia.

“Numbi. Lete bidole byako.”

Nilijiinua kwa viwiko. Alinionyesha: unaingiza ncha moja kwanza, unabana, unasukuma kwa bisibisi ndogo ukizunguka, mpaka usikie tik. Mafuta ya moto yaliniunguza vidole, lakini nilisikia tik. Baba alikizungusha kwa ukucha kuhakikisha kimekaa.

“Kama haikukaa muzuri itatoka, na aksi itakwaruza silinda. Motere inakufa.”

Mama alikuwa amesimama na beseni lake, tayari kwenda. Aliinama kutazama. “Kumbe ni hii kadogo njo inakamata yote?”

“Njo hii.”

“Na siye, nani anatukamata?”

Baba aliichukua pistoni ya pili. Mama alipita kiubavu akaenda.

Tulifanya zote nne. Sijui kama nimewahi tena kufurahia kazi ya mikono yangu namna ile. Baba alizipanga pistoni kwenye gazeti, zinang'aa, mikono ya chuma imelala upande mmoja, naye akaanza kupiga mluzi. Mimi nililaza kichwa kwenye godoro nikangoja. Nilijua ninachongoja. Nilingoja kimya.

Palikuwa kimya kweli, kwa kitambo. Kisha chini yangu, dhaifu, bila mpangilio: ko. Ko, ko. Ikanyamaza. Ko.

Machozi yalinitoka. Nilifikiri ni kipete changu, kimoja kati ya vile nilivyotia mimi, hakikukaa.

“Tata,” nilisema, “ingali inagonga.”

“Nini?”

“Motere. Tumetia yote na ingali inagonga.”

Baba alicheka. “Mama yangu, motere iko bipande bipande. Itagonga na nini?”

“Inagongaka kila siku. Hata Tata Kalenga anajua.”

Mluzi ulikuwa umekwisha. Baba aliondoa sufuria motoni, akaniwekea kidole juu ya midomo ninyamaze, akalala kifudifudi na sikio kwenye sementi. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kiasi cha kuona mafuta kwenye nyusi zake. Nililiona jicho lake likibadilika. Alinyoosha mkono, akachukua nyundo, akagonga sakafu mara tatu. Kutoka chini, polepole, zikajibu tatu.

“Kalenga,” alisema mara mbili. Mara ya kwanza alilitamka kama tusi. Mara ya pili alilitamka kama jina la mtu. Akatoka mbio.

Jikoni kwa Kalenga, nyuma ya pazia, alikuta shimo limejifunga. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo na mdomo wote ukaporomoka. Mama Vero, mke wa Kalenga, na wachimbaji wawili walikuwa wanateka tope kwa ndoo, na tope linarudi. Chini walikuwemo Kalenga na kijana aitwaye Fiston. Hawakuwa wameita majirani. Mama Vero alimwangukia baba miguuni na kumwambia ukweli: shimo halikushuka mbali. Lilifuata mshipa wa jiwe uliopita karibu na juu, likavuka chini ya ukuta, na sasa lilikuwa chini yetu. Waliogopa kuita, kwa kuwa wangelazimika kusema waliofukiwa wako wapi.

Baba alirudi na wanaume wa mtaa. Waliisukuma bloki mpaka ukutani, pistoni zikatawanyika, gazeti likakanyagwa. Mmoja akainua baramina, chuma kirefu cha kuvunjia mawe, akalenga katikati ya sebule.

“Si pale!” nilipiga kelele. “Ni hapa, chini ya kichwa yangu!”

Wanaume walimtazama baba. Baba alinitazama mimi. Kisha akashika godoro pembe mbili, akalivuta pamoja nami mpaka mlangoni, akarudi pale kichwa changu kilipokuwa na kuanza kuvunja sakafu aliyoimwaga yeye mwenyewe kabla sijazaliwa.

Mama alifika bila beseni, habari ilikuwa imemkuta sokoni. Alinibeba mgongoni na plasta yangu yote, akasimama mlangoni, akakataa kusogea. Walichimba kwa zamu. Kila baada ya kitambo baba aliinua mkono, watu wote wakazuia pumzi, akagonga. Chini wakajibu. Wakachimba. Akagonga tena, wakajibu, lakini taratibu, kama mtu anayeamshwa. Halafu ikafika mara ambayo baba aligonga na halikuja jibu. Aligonga tena. Nilihisi moyo wa mama ukipiga kwenye tumbo langu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kabisa kwamba siku zote zile, nilipokuwa naibembeleza injini, chini yangu kulikuwa na watu.

Hawakuacha kuchimba. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili udongo ulipojitoboa, tundu la kupitisha kiganja, na pumzi ya joto ikatoka humo, nzito, ya watu. Fiston alitolewa kwanza. Hakuweza kusema, walimlaza nje kwenye upepo. Kalenga walimvuta kwa kamba ile ile ambayo baba aliingizia injini. Alikaa kwenye sakafu yetu, tope tupu, macho na meno tu. Watu wakamgeukia baba waone atafanya nini.

“Kalenga,” baba alisema, akihema, “we unaingiaka kwa batu bila kupiga hodi?”

Mmoja wetu alicheka. Kalenga akaanza kulia.

“Nilipiga, Tata Numbi,” alisema. “Nilipiga sana.”

Watu walipoanza kutawanyika, Mama Vero alimletea maji. Kalenga alikunywa kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umekunjwa tangu alipotolewa, na alipoufungua palikuwa na jiwe jeusi. “Mushipa inapita hapa hapa,” alimwambia baba kwa sauti ya chini, “chini ya nyumba yako. Iko munene. Nilikuwa nakukosea, lakini sasa tundu iko yako. Tuchimbe pamoja. Utatengeneza motokari, utanunua na ingine.”

Baba alilichukua jiwe, akaligeuza. Nilimwona akilitazama jiwe, na mama nilimhisi akimtazama baba.

“Tata Numbi,” mama aliita.

“Ngoja kidogo. Niangalie tu.”

Mama hakungoja. Alikaza kitenge kilichonifunga, akaokota nguo zangu chache. “Lori ya Tata Saidi inaenda Fungurume leo. Miye na mutoto tutakuwa juu yake.” Akatoka. Mlango, kwa kuwa bloki ilikuwa ukutani, ulifunguka wote.

Tulikaa juu ya lori kati ya magunia ya vitunguu. Utingo alifunga kamba. Dereva alipiga honi mara ya kwanza, mama akatazama mbele. Akapiga mara ya pili. Mimi niliangalia nyuma, njia yetu yote hadi ilipokata kona, na nilikuwa nimeshakubali kwamba baba hatakuja nilipomwona akikimbia, tope mpaka kifuani, mikononi hana kitu. Alidandia lori likiwa limeanza kutembea. Aliketi juu ya magunia, na mama akamsogezea nafasi.

Baba aliniambia yaliyompata nilipokuwa mkubwa. Tulipotoka, alishuka shimoni. Kalenga alimwangazia tochi kutoka mdomoni mwa shimo, naye akatambaa hadi kwenye mshipa, akaugusa. Mabega yake yalikwama, hakuweza kugeuka. Ili kujituliza akagonga ukuta wa shimo kwa ngumi, na ndipo alipokumbuka kwamba juu yake hakuna godoro, na hakuna mtu. “Nilijiuliza, nikigonga kesho, nani atasikia?” Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mwanga.

Kalenga alibaki. Baadaye upande ule wa Kasulo ulizungushiwa ukuta na watu wakahamishwa, na ile 404 sijui iliishia kwa nani. Baba aliendesha malori ya watu wengine mpaka uzee ulipomshusha. Mguu wangu uliunga, mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kuna siku, likipita gari zuri, mama alimwona akilisindikiza kwa macho, akawahi kumuuliza kitu kingine.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa bado. Lori lilipofika bariyeri ya barabarani, jua lilikuwa linakaribia kuzama, na wanajeshi walikuwa wanapekua kila gari kutafuta jiwe. Mmoja alipanda, akachoma magunia kwa fimbo ya chuma moja baada ya jingine. Kisha akaona nguo za baba. Tope lile kila mtu wa Kolwezi analijua.

“We mwenye tope,” alisema. “Munabeba nini humu?”

Baba alitazama magunia, ambayo hayakuwa yake. Alimtazama mama, akanitazama mimi na plasta yangu. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kutuangalia sote wawili kwa pamoja.

“Batu, chef,” alisema. “Ni batu tu.”